Kukata Tiketi ya Ndege Wakati Tarehe Haijatulia

Kwa muda mrefu sasa ndugu, majirani na wenzangu wa kazini wamenipa kazi ya kuwatafutia tiketi za ndege, na karibu kila mmoja huanza na swali lilelile: nauli ya chini kabisa ni kiasi gani? Swali hilo lina maana pale ambapo siku ya kuondoka inajulikana na haitasogea. Lakini safari nyingi zinazoanzia hapa Dar es Salaam hazina siku ya namna hiyo. Mgonjwa anayepelekwa India hajui ataruhusiwa lini kutoka hospitali. Kijana aliyepata nafasi ya chuo Uturuki anasubiri viza. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Guangzhou hurudi mzigo wake ukishakamilika, hata kama tiketi inasema vingine. Na mtumishi aliyeomba likizo ya Desemba hajui kama mkuu wake atasaini. Kwa watu hawa mimi huuliza kwanza tarehe hiyo iko mikononi mwa nani, na kwamba mtu huyo akiisogeza, ataisogeza kwa siku ngapi na mara ngapi. Bei tunaizungumza baadaye.

Majibu huangukia katika makundi mawili, na mgawanyo huo ndio unaoamua karibu mengine yote. Kundi la kwanza ni la safari ambayo ipo kwa hakika, ila siku yake inaweza kwenda mbele au kurudi nyuma. Kundi la pili ni la safari ambayo yenyewe haina hakika ya kuwapo. Mashirika ya ndege yana tiketi mbalimbali kwa makundi haya: kuna tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, na kuna tiketi inayoruhusu kurejeshewa nauli, na moja haimaanishi nyingine. Anayesubiri viza akinunua tiketi inayobadilika tarehe bila tozo, halafu akanyimwa viza, hana tarehe nyingine ya kuhamia; nauli yake itabaki kwa shirika, na pengine atakachorudishiwa ni kodi na tozo za uwanja tu, ambazo kwa kawaida hurejeshwa kwa abiria ambaye hakusafiri iwapo ataziomba. Wengi hawaziombi, kwa kudhani kwamba tiketi isiyorejeshwa haina chochote cha kudai, ilhali katika safari za kimataifa kodi hizo huwa si haba.

Ili mtu aelewe kwa nini tarehe ina gharama, ni vizuri ajue viti vinavyouzwa. Daraja la kawaida katika ndege moja halina bei moja. Viti vyake vimegawanywa katika mafungu, kila fungu lina herufi yake, bei yake na masharti yake ya kubadilisha, kurejesha na pengine hata uzito wa mizigo. Fungu la chini likiisha, mfumo huuza fungu linalofuata juu yake, na ndiyo maana abiria wawili waliokaa bega kwa bega kuelekea Dubai wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazotofautiana sana. Herufi hiyo huonekana kwenye tiketi, na wakala yeyote mwenye ujuzi anaweza kukusomea masharti yake kabla hujalipa. Akisema hayajui au hayana umuhimu, tafuta wakala mwingine.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo namba zake nimezitunga ili iwe rahisi kuifuata. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi yenye masharti magumu inauzwa shilingi 1,400,000, na kila ukibadilisha tarehe unatozwa 350,000. Katika ndege hiyohiyo ipo tiketi ya 1,650,000 isiyo na tozo ya kubadilisha. Ukibadilisha mara moja, tiketi ya kwanza inafika 1,750,000, kwa hiyo ile ya bei ya juu imekuokolea 100,000. Usipobadilisha kabisa, imekupotezea 250,000. Maana yake ni kwamba, kwa mabadiliko ya mara moja tu, tiketi ya bei ya juu inalipa pale ambapo unaamini kuna uwezekano wa zaidi ya saba kwa kumi kwamba tarehe itasogea. Lakini ikiwa tarehe, ikianza kusogea, itasogea mara mbili, tozo zinafika 700,000, na hapo inatosha uwezekano huo ukizidi kidogo theluthi moja. Mtumishi anayesubiri saini ya likizo kwa kawaida hubadilisha mara moja, kisha mambo yakatulia. Mgonjwa hubadilisha, akabadilisha tena, na wakati mwingine tena. Kwa mtumishi mimi hupendekeza tiketi ya bei ya chini mara nyingi zaidi kuliko anavyotarajia, na kwa mgonjwa sipendekezi hata siku moja.

Katika hesabu hiyo nimeacha nje, kwa makusudi, jambo linalowaudhi watu kuliko yote, nalo ni tofauti ya nauli. Shirika linaposema kwamba kubadilisha tarehe ni bure, linazungumzia tozo ya mabadiliko tu. Ukihamia siku ambayo fungu lako limekwisha, utalipa tofauti kati ya nauli uliyonunulia na ile inayopatikana siku hiyo, uwe na tiketi ya masharti magumu au laini. Anayesubiri hadi siku mbili kabla ya safari ndipo aombe kubadilisha atakuta mafungu ya chini yamekwisha katika ndege zote za karibu, na tiketi aliyoiita ya uhuru itamtoza pesa nyingi kuliko alivyowaza. Ukishajua kwamba tarehe haitawezekana, badilisha siku hiyohiyo, hata kama tarehe mpya nayo haijawa na uhakika kamili. Na pale tarehe isipotulia, chagua njia yenye ndege nyingi. Kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ukikosa ya asubuhi kuna nyingine baadaye. Kwenye miji ambayo ndege haziendi kila siku, kusogea kwa siku moja kunaweza kugeuka kuwa siku tatu za kulala hotelini, na gharama hiyo hakuna tiketi inayoibeba.

Yapo masharti mengine ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa. La kwanza ni la abiria asiyetokea uwanjani bila taarifa. Mashirika mengi humtoza zaidi kuliko aliyebadilisha mapema, na kwa nauli za chini tiketi inaweza kufa kabisa. Kwa hiyo hata kama hujui utasafiri lini, ukiwa na hakika kwamba leo husafiri, ondoa jina lako kwenye ndege hiyo kabla haijaruka, na ufanye hivyo saa kadhaa kabla, maana baadhi ya mashirika hufunga mlango huo mapema. La pili ni kwamba vipande vya tiketi hutumika kwa mfuatano. Ukiruka kipande cha kwenda, kwa kuwa labda umepata lifti ya gari mpaka Nairobi, mfumo hufuta vipande vilivyobaki, pamoja na cha kurudi. La tatu linawahusu zaidi wanafunzi: tiketi kwa kawaida huishi mwaka mmoja, na mashirika mengi hufungua ratiba zao takriban miezi 11 tu mbele. Mwanafunzi anayeondoka Septemba na kutarajia kurudi likizo ya Agosti mwaka unaofuata anaweza kukuta siku anayoitaka haijaingia kwenye mfumo. Dawa yake ni kuwekewa tarehe ya karibu iliyopo, kwenye nauli inayoruhusu kubadilisha, kisha kuisogeza mbele kabla mwaka haujatimia.

Watu huniuliza pia kwa nini wasikate tiketi ya kwenda tu, na ya kurudi wakaitafuta hukohuko. Kwa safari za ndani na za nchi jirani naona ni wazo zuri, kwa sababu mara nyingi nauli ya upande mmoja ni karibu nusu ya ile ya pande mbili. Kwa safari za mbali, hasa kwa mashirika makubwa, upande mmoja unaweza kuwa ghali mno ukilinganisha na nusu hiyo, na wakati mwingine hukaribia bei ya kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo kuna kaunta ya Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere. Wafanyakazi wa shirika huangalia masharti ya nchi unayokwenda kabla ya kukupa kadi ya kupandia ndege, kwa sababu abiria akirudishwa, shirika ndilo linalombeba na linaweza kutozwa faini. Mwenye viza ya matembezi na tiketi ya kwenda tu atatakiwa kujieleza, na foleni ya usiku ya ndege za Ghuba si mahali pazuri pa kuanza kujieleza.

Viza inastahili kuzungumziwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayopoteza pesa nyingi. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi yanaruhusiwa hadi miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kurefushwa hadi siku 45. Kwa viza ya matembezi ya Uingereza, mtu anaweza kuomba miezi 3 kabla, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya alama za vidole kuchukuliwa. Tarakimu hizi zinatosha kupanga: ukiomba mapema unavyoruhusiwa, unaweza kupata viza huku nauli za chini zikiwa bado zipo, na tatizo lote la tarehe likaisha kabla halijaanza. Wengi hufanya kinyume. Hununua tiketi kwanza, wakiamini ubalozi utawaonea huruma kwa sababu wameshalipa, ilhali kwa viza ya Schengen kinachotakiwa ni kuonyesha nafasi iliyoshikwa, na balozi zenyewe huwashauri waombaji wasilipie tiketi kabla ya viza kutoka.

Kushika nafasi ni kazi ya kawaida ya wakala. Anaingiza jina lako kwenye mfumo, anapata namba ya buking, na mfumo unampa muda wa kukata tiketi, ambao unaweza kuwa saa chache au siku kadhaa kulingana na nauli na ukaribu wa safari. Muda ukipita bila malipo, nafasi hufutika yenyewe. Baadhi ya mashirika huuza huduma ya kushikilia bei kupitia tovuti zao kwa ada ndogo, nami naiona kuwa pesa iliyotumika vizuri iwapo jibu unalolisubiri litatoka ndani ya siku mbili tatu. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, kanuni za huko zinalitaka shirika limruhusu aliyenunua moja kwa moja kwake, siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, kufuta bila adhabu ndani ya saa 24, au limshikilie nauli kwa muda huohuo. Kuhusu wale wanaouza karatasi za buking za kutunga, sina mengi: namba hiyo huhakikiwa kwa dakika moja, na ombi lenye hati ya uongo huacha alama ambayo mwombaji ataendelea kuielezea kila anapojaza fomu mpya.

Safari za matibabu ya India zina tabia yake. Air Tanzania ilianza kuruka moja kwa moja kwenda Mumbai mwaka 2019, na wanaokwenda Chennai au Delhi mara nyingi hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Tarehe ya kwenda huwa inajulikana, kwa kuwa hospitali imetoa barua ya miadi. Ya kurudi ni ya kukisia, lakini kuna ukomo unaosaidia kukisia: viza ya matibabu inayoombwa kwa mtandao hutoa siku 60, na kwa mgonjwa mmoja huruhusu wasindikizaji wawili. Kwa hiyo mimi huweka tarehe ya kurudi mbali kidogo kuliko daktari alivyosema, lakini ndani ya siku hizo 60, kwa sababu kuirudisha nyuma tarehe ya mbali kunasumbua kidogo kuliko kuisukuma mbele tarehe ya karibu wakati mgonjwa yuko kitandani na hakuna wa kwenda ofisini. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au anayehitaji oksijeni au kulazwa ndani ya ndege, lazima daktari ajaze fomu ya kitabibu ya shirika, ambayo mawakala huiita MEDIF, na shirika liikubali kabla ya safari. Kubadilisha tarehe bila kufufua kibali hicho kunaweza kumwacha mgonjwa uwanjani akiwa na tiketi halali mkononi.

Kwa wasindikizaji kuna jambo jingine. Familia nyingi hukata tiketi tatu kwa pamoja kabla ya kukubaliana nani hasa atakwenda, kwa hoja kwamba majina yatarekebishwa baadaye. Hayarekebishwi. Kosa dogo la herufi linaweza kusahihishwa, lakini tiketi ya shangazi haiwi ya mjomba. Pale ambapo mtu ndiye asiyejulikana, kununua mapema hakuna faida yoyote, hata nauli iwe nzuri namna gani. Ninapendekeza pia mgonjwa na msindikizaji wawe na namba tofauti za buking, zikiwa zimeunganishwa kwa maelezo tu, ili msindikizaji aweze kurudi peke yake kufuatilia michango nyumbani bila kuigusa tiketi ya mgonjwa.

Safari za ndani ni nyepesi zaidi, isipokuwa Desemba. Wachaga wanaokwenda kuhesabiwa nyumbani hujaza ndege za Kilimanjaro kuanzia katikati ya mwezi huo, na katika wiki ya kwanza ya Januari msongamano hugeuka na kuelekea Dar es Salaam. Mtu ambaye likizo yake haijasainiwa hudhani inambidi asubiri kwa safari nzima, lakini sehemu yenye hatari ni ile tu inayokwenda na wimbi. Akikata mapema kipande cha kwenda, na kukata kando kipande cha kurudi katika siku ambayo ndege hazijajaa, kutotulia kwa tarehe yake kunamgharimu kidogo sana. Anayetoka Moshi kuja Dar es Salaam tarehe 22 Desemba, kinyume na umati, hana sababu kubwa ya kuhangaika. Kwa mikutano ya Dodoma, ambayo husogezwa jioni kwa ajili ya kesho yake, tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 nimeacha kabisa kuwashauri watu wakate tiketi ya ndege wiki mbili kabla. Na kwa Idi ya Zanzibar, anayesubiri mwezi uandame apande boti.

Mahali pa kununulia pana uzito kuliko watu wanavyofikiri. Tovuti za wauzaji wa kati walioko nje mara nyingi huonyesha bei iliyo chini kidogo ya ile ya shirika, lakini siku ya kubadilisha, shirika litakuambia urudi kwa aliyekuuzia, na aliyekuuzia atakuongezea ada yake juu ya ile ya shirika. Wakala wa Posta au Kariakoo naye ana ada, ila unaweza kumwendea na kuketi mbele yake. Kasoro yake ni saa za kazi: ofisi nyingi hufunga Jumamosi mchana, na ndege ya Jumapili usiku haisubiri Jumatatu, hivyo mwombe namba ya simu ya dharura kabla ya kumlipa. Kwa tarehe zisizotulia, napendelea kununua moja kwa moja kwa shirika, hata kwa nyongeza kidogo, kwa sababu mabadiliko nayafanya mwenyewe kwenye simu usiku wa manane nikitaka. Kumbuka pia kwamba nauli inayorejeshwa hurudi kule ilikotoka. Kama kadi iliyolipia ni ya mpwa aliyeko Muscat, pesa zitakwenda kwa mpwa, na kuzipata baada ya hapo ni suala la kifamilia.

Wakati wa korona tulijifunza kitu kuhusu vocha. Safari za kimataifa za abiria zilisimamishwa hapa Aprili 2020 na anga ikafunguliwa tena tarehe 18 Mei, na katika kipindi hicho mashirika mengi duniani yaliwapa abiria vocha za kusafiria baadaye badala ya fedha. Vocha ina tarehe ya mwisho, mara nyingi ina jina la mtu mmoja, na thamani yake inategemea shirika hilo kuendelea kuruka kwenda unakotaka. Kwa anayesafiri kila mwezi ni sawasawa na fedha. Kwa mama anayesafiri mara moja katika miaka mitano haina msaada. Ukiulizwa uchague kati ya vocha yenye nyongeza ya asilimia fulani na fedha kamili, jiulize kama una safari nyingine unayoijua.

Jambo la mwisho linamhusu abiria ambaye tayari ana tiketi yenye masharti magumu na ameona kwamba hataweza kusafiri tarehe ile. Kabla hajakimbilia kulipa tozo, aangalie kama shirika lenyewe limegusa ratiba. Ratiba hubadilishwa mara kwa mara katika miezi kati ya kununua na kusafiri; ndege hupelekwa matengenezo, kama ilivyotokea kwa Airbus A220 za mashirika kadhaa, likiwamo Air Tanzania, kutokana na matatizo ya injini za Pratt & Whitney, na misimu nayo huleta saa mpya. Shirika likifuta ndege, au likiisogeza kwa saa nyingi, kwa kawaida abiria hupewa haki ya kuhamia siku nyingine bila tozo, au kurejeshewa nauli yake hata kama tiketi iliandikwa kwamba hairejeshwi. Taarifa hiyo huja kwa barua pepe au ujumbe mfupi yenye kitufe cha kukubali ratiba mpya, na wengi hukibonyeza papo hapo ili ujumbe uondoke kwenye simu. Asiyekuwa na uhakika wa tarehe yake asikibonyeze kabla ya kusoma amepewa nini. Kama safari iko mbali na hakuna kilichobadilika bado, mimi huacha wiki kadhaa zipite nikifuatilia buking, mradi siku ya mwisho ya kubadilisha haijakaribia na mafungu ya chini katika tarehe mpya hayajaanza kuisha. Yakianza kuisha, nalipa tozo siku hiyo na kuachana nayo.